Mkono Ulioandika Una Mwenyewe



Leo sikuletei neno la kukutia moyo. Leo nina ugomvi, na niliogombana nao ni watu ninaowapenda: vijana wetu wa kompyuta, pamoja na sisi wazazi na wachungaji tunaowatetea.

Jumapili iliyopita baada ya ibada nilibaki na vijana tukizungumza habari za kazi. Mmoja wao, kijana mwenye bidii, wa kufunga na kuomba, akasema kampuni aliyoajiriwa imemwagiza atengeneze programu ya simu ya uwekezaji. Ukiweka elfu mbili leo, kila asubuhi unaona faida imepanda. Nikamuuliza faida hiyo inatoka katika biashara gani. Akanyamaza kidogo. "Pasta, hakuna biashara. Ile namba naipandisha mimi." Kisha akaongeza haraka, "Lakini mimi ni mkono tu. Wa kujibu ni bosi." Wenzake, tena waliookoka, wakatikisa vichwa kukubali. Mama mmoja aliyekuwa akipanga viti akasema, "Mwacheni mtoto wa watu, kazi siku hizi hakuna."

Ameniruhusu niandike haya bila kutaja jina lake. Basi nasema mbele ya wote: kijana wangu, hapana. Na mama yangu wa viti, kwa heshima, hapana.

Twende New York kidogo, kwa sababu kule swali hili hili lilifika mahakamani na likajibiwa. Bernard Madoff alikamatwa Desemba 2008. Taarifa za akaunti za wateja wake zilionyesha karibu dola bilioni 65 kwa jumla, na pesa hizo hazikuwapo. Alihukumiwa miaka 150, akafia gerezani mwaka 2021. Hiyo wengi mnaijua. Lakini umewahi kujiuliza nani alizitunga zile taarifa? Unafikiri mzee wa miaka sabini alikesha na kalamu akijaza akaunti za maelfu ya watu, mwezi baada ya mwezi?

Katika ghorofa ya 17 kulikuwa na kompyuta waliyoiita "House 17", na watu wawili walioiandikia programu: Jerome O'Hara na George Perez. Programu zao zilitunga manunuzi ya hisa ambazo hazikununuliwa kamwe. Wakaguzi walipokaribia kuja, zilitunga hata saa ya oda na idadi ya hisa kwa kubahatisha, ili karatasi ifanane na biashara ya kweli. Mahakama ilisikia pia kwamba karatasi zilizotoka kwenye printa zikiwa bado moto ziliwekwa kwenye friji, kisha zikarushwarushwa kama mpira ili zionekane za zamani. Niliposoma hapo nilicheka. Halafu nikakumbuka kuna wastaafu waliokuwa wameweka akiba zao zote mle, nikaacha kucheka.

Sasa sikia walichofanya wawili hao mwaka 2006, kwa maana ndicho kilichonifanya niandike. Walitoa kwanza pesa zao wenyewe kwa Madoff, mamia ya maelfu ya dola. Walijaribu kufuta programu zile za pekee, 218 kati ya 225. Kisha wakamwendea bosi wakamwambia hawataendelea kumtungia uongo.

Ungedhani hapo ndipo toba inaanza, sivyo? Walipewa nyongeza ya mshahara ya karibu asilimia 25 na bonasi ya makumi ya maelfu ya dola kila mmoja. Wakatulia. Wakarekebisha programu ili wafanyakazi wengine waweze kutoa zile karatasi wenyewe. Wakarudi mezani wakanyamaza zaidi ya miaka miwili, na katika miaka hiyo watu wengine wakaendelea kuleta pesa zao mlango ule ule.

Mawakili wao walidai hawakujua, kwamba walimwamini bosi kama dunia nzima ilivyomwamini. Ndugu yangu, mtu asiyejua kwamba nyumba inaungua hatoi godoro lake usiku na kuwaacha majirani wamelala. Machi 2014 wakapatikana na hatia, na Desemba mwaka huo kila mmoja akafungwa miaka miwili na nusu. Ukiniuliza mimi, ni kidogo. Lakini kwangu uzito wa hukumu ile haumo katika miaka. Uzito ni kwamba mahakama ilikataa kuambiwa "mimi ni mkono tu".

Najua utaniuliza: Pasta, basi kila fundi ni mwizi? La. Seremala aliyetengeneza mlango wa benki hahusiki na wizi wa benki. Aliyeandika sehemu ndogo ya programu kwa nia njema, asijue itatumiwaje, simhukumu. Lakini twende sokoni. Unaijua gorogoro iliyobonyezwa kitako, ile inayomnyima mama mahindi huku ikionekana imejaa. Muuzaji ni mwizi, tunakubaliana. Na yule aliyeshika nyundo akaibonyeza, akijua kwa nini inabonyezwa, akalipwa kwa kuibonyeza? Utamwita mkono tu? Gorogoro haina kazi nyingine yoyote isipokuwa kuiba. Vivyo hivyo programu ya kupandisha faida isiyokuwapo. Huwezi kuiandika kwa bahati mbaya. Wewe uliyeketi kwenye kibodi unajua zaidi hata ya bosi jinsi uongo ule unavyofanya kazi, kwa sababu ulilazimika kuufikiria hatua kwa hatua mpaka ukakubali.

Doegi Mwedomi unamkumbuka? 1 Samweli 22. Sauli aliwaamuru askari wake wawaue makuhani wa Bwana, na askari wakakataa kuinua mikono. Walikuwa waajiriwa kama wewe, tena bosi wao alikuwa na upanga. Doegi akaifanya ile kazi, wakafa makuhani 85 siku moja. Biblia haikumwita mkono wa Sauli. Ilimwandika kwa jina lake na kabila lake. Safira naye hakupata nafasi ya kujificha nyuma ya mumewe. Aliulizwa peke yake.

Tena usifikiri haya ni ya Wamarekani na Agano la Kale. Sheria yetu ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao inautaja ulaghai wa kompyuta, na inamtaja pia anayesaidia. Anayesaidia, kijana wangu.

Na sisi kanisa tusijifanye wasafi. Mwaka 2006 na 2007 biashara za piramidi zilipomeza mabilioni ya Wakenya, nyingi ziliingilia kanisani. Mimi nilikuwa kijana wa vyombo katika kanisa fulani. Nilishika maikrofoni mwanamume mmoja akieleza kutoka madhabahuni jinsi pesa zinavyozaa. Sikujua hesabu yake, lakini nilijua haijumlishiki, nikanyamaza kwa sababu aliyemkaribisha alikuwa mkubwa wangu. Kuna mama aliyeuza ng'ombe. Mpaka leo nikikutana naye mjini huniita "mtumishi", na sijui niangalie wapi. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu aliyesimama juu ya mlima.

Ndiyo maana nakasirika tunapomtetea mtoto wetu kwa sababu analeta fungu la kumi zuri. Tunamwombea "apandishwe cheo" bila kuuliza anafanya nini. Akikamatwa tunasema adui amemshambulia. Adui gani? Ni mshahara ndio uliomshambulia, na sisi tulitoa ushuhuda juu ya mshahara huo Jumapili, tukapiga makofi. Uwajibikaji ninaoutaka ni huu: aliyejua na akaandika, ajibu mbele ya sheria pamoja na aliyemtuma, kila mtu kwa kiasi cha alichojua. Na kanisani kwetu, asiguse madhabahu wala kibodi ya kuabudu mpaka amesema kweli na kuanza kurudisha.

Lakini mlango wa kurudi upo. Katika kesi ya FTX, lile soko la sarafu za kidijitali lililoanguka Novemba 2022, Gary Wang alikuwa mmoja wa waliotengeneza msimbo ulioiruhusu kampuni dada kuchota pesa za wateja bila kikomo. Hata kiasi cha mfuko wa bima walichowaonyesha wateja kwenye tovuti kilikuwa namba ya kutunga, iliyotolewa na kompyuta kwa kubahatisha. Wang alikiri Desemba 2022, wiki chache tu baada ya kuanguka. Alisimama kizimbani kama shahidi akaeleza mstari kwa mstari alichoandika. Bosi wake, Sam Bankman-Fried, alipata miaka 25. Wang, mwaka 2024, hakufungwa. Usisome hapo kwamba ukikiri hufungwi. Hakimu angeweza kuamua vingine, na Wang hakuwa na ahadi ya kutofungwa mfukoni alipofungua mdomo.

Kijana wangu, programu yako bado haijafunguliwa kwa umma. Kwa hiyo leo hakuna mama aliyeuza ng'ombe kwa sababu yako. Wiki ijayo huenda yupo. Usifute faili na kutoroka, na usikubali nyongeza ya mshahara ukae kimya. Tunza ushahidi, andika barua ya kukataa, weka nakala. Katika kanisa letu kuna dada wakili, nimeshazungumza naye, atakuona bila malipo. Kodi yako ya nyumba ya miezi miwili wazee wameikubali jana jioni. Mama wa viti ndiye aliyetoa wa kwanza.

Nitakuwa ofisini Alhamisi kuanzia saa nane. Njoo na barua, hata kama bado hujaitia sahihi.