Nani Ashike Daftari la Wateja wa Pipeline?

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Marekani ilikuwa mchana. Nairobi ilikuwa saa kumi na mbili na ushei jioni, wakati mtaa wa Pipeline, Embakasi Kusini, ndiyo kwanza unachangamka kwa biashara: wafanyakazi wanarudi kwa miguu kutoka Industrial Area, wengine wanashuka matatu Outer Ring Road, na mkaanga samaki, mwuza gesi na fundi wa simu wanangoja oda kabla mteja hajapanda ngazi hadi orofa ya saba. Hitilafu ilitokea kwenye mitambo ya kampuni moja yenye makao California. Mwuzaji wa Embakasi Kusini hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Wanaotetea mitandao ya kijamii iliyogatuliwa hulitaja sana tukio hilo. Katika mitandao hiyo hakuna kampuni moja inayomiliki kila kitu. Vikundi mbalimbali huendesha seva zao, na seva hizo husemezana kwa itifaki iliyo wazi kwa wote. Mastodon, ulioanzishwa na Mjerumani Eugen Rochko mwaka 2016, unatumia itifaki ya ActivityPub, iliyoidhinishwa na shirika la viwango vya wavuti la W3C Januari 2018. Anayechoka na seva moja anaweza kuhamia nyingine na kwenda na wafuasi wake, ingawa machapisho yake ya zamani hubaki nyuma.

Naliunga mkono wazo hili kwa wafanyabiashara wa Pipeline, lakini kuzimika kwa mitambo hakunishawishi sana. Ni jambo la nadra. Tena intaneti yenyewe ikivurugika, kama ilivyotokea Kenya tarehe 25 Juni 2024 wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, seva ya mtaani huathirika pia. Linalonishawishi ni kwamba watu wa Pipeline wanahama. Ni mtaa wa wapangaji: kodi ikipanda au kazi ikiisha, mtu anafunga virago. Mwishoni mwa 2021, vibanda na nyumba za jirani zao wa Mukuru kwa Njenga vilibomolewa kupisha barabara, na maelfu wakatawanyika. Mwenye kibanda alipoteza mabati na meza, kisha akapoteza watu waliokuwa wakinunua kwake kila jioni. Wateja wengi wa aina hiyo wamehifadhiwa katika kundi la WhatsApp. Admini akigombana na wenzake, anayetolewa kundini anaacha soko lake humo.

Hoja ya upande wa pili ina uzito wake. WhatsApp kila mtu anayo, bando lake ni nafuu, na hakuna mama mboga atakayejisajili mahali ambapo hamkuti mteja hata mmoja. Nakubali. Ndiyo maana jukwaa la Pipeline lisijengwe kushindana na WhatsApp. Oda ziendelee kuingia kwa njia watu waliyoizoea. Kinachopaswa kuwa mikononi mwa wafanyabiashara ni daftari: nani anauza nini, yuko ploti gani, nani amewahi kufanya naye kazi na kumdhamini.

Kuna jaribio la Kenya la kujifunzia, ingawa lilihusu vocha, si mtandao wa kijamii. Mwaka 2013, wafanyabiashara wa mtaa wa Bangladesh, Mombasa, wakishirikiana na Mmarekani Will Ruddick, walianzisha Bangla-Pesa, vocha za kukopeshana bidhaa na huduma shilingi zinapoadimika. Ruddick na baadhi ya wanachama walikamatwa na kushtakiwa, kisha mashtaka yakafutwa mwaka huohuo. Wazo likafika Kangemi na Kibera, na baadaye likawa la kidijitali kwa jina la Sarafu: kumbukumbu zake ziko kwenye blokucheni, lakini mtumiaji anabofya namba fupi hata kwa simu ya kabambe. Wakati wa korona, Msalaba Mwekundu wa Kenya ulisaidia kuieneza Mukuru. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021 ilikuwa na watumiaji wapatao 55,000 waliosajiliwa. Watafiti waliochambua miamala yao walikuta kwamba mzunguko ulibaki ndani ya maeneo ya karibu, kati ya watu wa kazi tofauti, na kwamba vyama vya akiba vilikuwa vitovu vyake.

Matokeo hayo yanabadilisha namna ya kujenga. Wabunifu hupenda kuwakusanya watu wa kazi moja: mafundi wa simu huku, washonaji kule. Fundi wa simu hanunui huduma kwa fundi wa simu. Anahitaji chakula, kinyozi, bodaboda na mtu wa kumchomelea geti. Seva moja kwa barabara moja, yenye kazi za kila aina, ina maana zaidi kuliko seva ya taaluma moja kwa Nairobi nzima. Na mlango wa kuingilia uwe chama, kwa sababu ndicho kinachojua nani hulipa madeni yake na nani hutoroka.

Sasa pesa, na hapa ndipo miradi mingi hufia. Mozilla, shirika kubwa lenye wahandisi wake, lilifunga seva yake ya Mastodon Desemba 2024. Social.coop, ushirika mdogo ulioanza 2017, bado uko hai. Wanachama wake huchanga na hupiga kura. Kukodi seva ya watu mia chache kunaweza kugharimu kwa mwezi chini ya kodi ya chumba kimoja cha Pipeline. Gharama kubwa ni mtu: wa kumfukuza tapeli, wa kumsaidia aliyesahau nywila, wa kuamua ugomvi saa nne usiku. Wafanyabiashara 200 wakichanga shilingi 100 kwa mwezi wanapata 20,000, zinazotosha seva na posho ya kijana wa kazi ya nusu siku. Kazi hii ikitegemea kujitolea, itakufa mwaka wa kwanza.

Njia za mkato zipo, na nazipinga zote. Kuuza taarifa za wanachama kutawakumbusha Wakenya programu za mikopo zilizokuwa zikipigia simu jamaa na marafiki wa mdaiwa kumwaibisha, hadi sheria ikazipa Benki Kuu mamlaka ya kuzidhibiti. Kugawa tokeni nako tumekuona: Agosti 2023 watu walipanga foleni KICC kupigwa picha za mboni za macho na mradi wa sarafu ya kidijitali wa Worldcoin, wakitarajia malipo, kabla serikali haijasimamisha zoezi hilo. Aliyevutwa na tokeni ataondoka bei yake ikianguka. Ruzuku ya mfadhili naikubali kwa vifaa na mafunzo ya mwanzo tu, na mkataba utaje tarehe ambayo funguo za seva zitakabidhiwa kwa wanachama.

Vijana wanaoweza kusimika seva kama hiyo wapo Eastlands. Ningewaomba waanze na barabara moja na vyama viwili au vitatu vilivyokwishazoeana. Na kabla ya kuandika programu yoyote, wakae na wanachama waandike haya: nani anashika funguo, kura ngapi zinatosha kumwondoa mtu, wateja wameridhia vipi namba zao zihifadhiwe kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka, na mwanachama anayehama Pipeline atakabidhiwa orodha ya wateja wake ndani ya siku ngapi.