Mashine kuukuu, Windows mpya: Ndoa hii itakubali?

Wale wa mshahara najua tarehe kama hizi mnatembea kwa mguu, na sisi tusio na mshahara tumeshazoea, kwa hiyo tuko pamoja. Wiki hii tunaacha kidogo mambo ya viwalo na mambo ya moyo, tunaingia kwenye kitu ambacho kinagombanisha kaka na dada na kinawala watu hela zao mchana kweupe. Kompyuta ya nyumbani.

Nina ujumbe hapa wa dada mmoja wa Mbagala, jina lake nalihifadhi. Anasema mashine yao ya sebuleni, HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, imeanza kujikokota kama bajaji iliyobeba magunia ya mkaa mlimani. Ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji, ukarudi, ukainjika chai, ndiyo kwanza inazungusha viduara. Juu ya hapo inamletea ujumbe kwamba Windows 10 imefikia mwisho. Kaenda kwa fundi. Fundi kaiangalia dakika mbili, katikisa kichwa kama daktari aliyepoteza mgonjwa: "Dada, hii imekufa, lete laki sita na nusu nikupe nyingine." Hela anayo. Tatizo ni kwamba ni ya ada ya mdogo wake, na huyo mdogo ndiye anayeitumia hiyo mashine kwa kazi za chuo. Anauliza, kaka nifanyeje?

Dada yangu, kwanza hiyo hela irudishe ilikokuwa. Wewe una magonjwa mawili, na fundi kakuandikia dawa moja ya bei mbaya. Kujikokota ni ugonjwa wa kwanza. Windows kufika mwisho ni ugonjwa wa pili. Yamekuja wakati mmoja tu, kama malaria na jino, lakini hakuna daktari mwenye akili anayeng'oa jino ili malaria ipone.

Tuanze na kujikokota. Siku mashine ikikwama, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kitafunguka kidirisha chenye safu za namba. Tazama penye neno Disk. Kama hapo inasoma asilimia 100 wakati wewe umefungua barua moja tu ya Word, mgonjwa umempata: ni diski. Kama ni penye neno Memory ndipo panapogonga 90 na kitu, basi RAM ndiyo haitoshi. Ikiwa ni CPU peke yake inayopanda juu kila saa, hapo ndipo uanze kuwaza kwamba mashine yenyewe imezeeka. Nakwambia, kwa hizi laptop za mtumba za mwaka 2016 na 2017 zilizokuja na diski ya zamani, mara nyingi utakuta ni hiyo safu ya diski.

Sababu ni rahisi. Diski ya zamani ina sahani inazunguka humo ndani, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kijisindano kinakimbia huku na huku kutafuta mafaili yako, mithili ya karani wa masijala ya serikali. SSD haina kinachozunguka. Diski ya sahani ikijitahidi sana inasoma kama megabaiti 100 hivi kwa sekunde; SSD ya kawaida ya kuchomeka mahali palepale inafika karibu 500. Na hapo hatujasema habari ya vifaili vidogo vidogo elfu, ambavyo ndivyo Windows inavyovichambua inapowaka. Huko diski ya sahani inaachwa mbali kabisa. Mashine iliyokuwa inachukua dakika tatu kuwaka, ukiitia SSD inaweza kuwaka ndani ya nusu dakika. Watu wakiona hivyo wanadhani fundi ni mchawi. Hamna uchawi, ni kifaa kinachotoshea kiganjani.

Na hiyo G3 yako, dada, bahati yako ni kwamba imetengenezwa enzi ambazo laptop zilikuwa bado zinafunguka. Unatoa skrubu za chini, mfuniko unatoka, RAM ina nafasi mbili, diski inabadilishwa. Siku hizi kuna mashine nyembamba kama chapati, RAM imegandishwa humohumo. Ukinunua na GB 4 utazikwa nayo na GB 4 zake. Ukinunua laptop, uliza hilo kabla ya kuuliza rangi.

Kwa hiyo kwa kujikokota, dawa ni SSD. GB 256 inatosha kazi za chuo na za kuchapa barua, na bei yake ni sehemu ndogo ya hizo laki sita. RAM kama ni GB 4, ongeza ifike 8. Hapa nikupe tahadhari: tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zimepaa duniani, kwa sababu makampuni makubwa ya akili mnemba yanazikomba kwa ajili ya mitambo yao. Na bei za SSD nazo zimevutwa humohumo. Kwa hiyo ukiambiwa bei ya RAM ukashtuka, usimtukane muuzaji wa Kariakoo, safari hii kweli si yeye. Anza na SSD, RAM itasubiri hela nyingine.

Haya, sasa ugonjwa wa pili, huu ndio unaotumika kutishia watu.

Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na Microsoft ikaacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Hii haina maana kwamba mashine inazima. Itawaka, itacheza muziki, itachapa. Kilichokatika ni viraka vya usalama. Kila mwezi wajanja wa dunia wanagundua tundu jipya kwenye Windows, na kila mwezi Microsoft walikuwa wanaliziba. Sasa tundu linagunduliwa na halizibwi.

Ukisema "mimi mtu mdogo, nani ataniibia," nikukumbushe Mei 2017. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilizunguka dunia, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Huko Uingereza hospitali za serikali zilishindwa kupokea baadhi ya wagonjwa. Kirusi hakikuuliza nani mkubwa nani mdogo. Na kinachouma ni kwamba kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huohuo. Waliokuwa hawajaweka ndio walionyolewa. Sasa piga picha kazi ya mwisho ya mdogo wako ya chuo imefungwa kufuli wiki moja kabla ya kuikabidhi.

Basi tuweke Windows 11? Ni bure kwa mwenye Windows 10 halali, ila ina masharti kuliko baba mkwe wa Kichaga. RAM ya GB 4 kwenda juu, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 inayotunza funguo za siri za mashine, na prosesa iliyomo kwenye orodha yao. Kwa Intel, orodha hiyo kwa jumla inaanzia kizazi cha 8. Kujua cha kwako, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, tafuta penye Processor. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: cha 6. Ukiona i5-8250U, ni cha 8. Ikianza na 10, 11 au 12, soma tarakimu mbili. Wenye AMD msihangaike na hesabu, pakueni programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check, inakujibu ndiyo au hapana.

G3 za mtumba ni kizazi cha 6. Kwa hiyo jibu ni hapana, dada, Windows 11 haikutaki. Na hapa ndipo fundi wako wa pili atatokea, yule mtaalamu wa njia za panya, akuambie "mimi naipitisha kwa mlango wa nyuma, elfu ishirini tu." Kuipitisha anaweza, hadanganyi. Lakini Microsoft wenyewe wamesema mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupewa hivyo viraka. Sasa unakimbia Windows 10 kwa kuogopa kukosa viraka, unakwenda kwenye Windows 11 isiyo na uhakika wa viraka. Huko ni kuhama nyumba inayovuja kuingia nyumba ambayo mwenye nyumba hana habari kama upo.

Wa tatu ndiye mbaya kuliko wote: mwenye Windows ya kuchakachua kwenye flashi. Ukimwona anazima kwanza kinga ya virusi ndipo anaingiza kidude chake cha "kuamsha" Windows, mnyang'anye mashine. Umeshawahi kuona mgeni anayekuomba uzime taa ndipo aingie ndani?

Njia halali zipo, na fundi hakukutajia hata moja. Microsoft waliweka mpango wa kuendelea kuwapa watumiaji wa nyumbani wa Windows 10 viraka vya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Masharti yake waliyotangaza: dola 30, au pointi 1,000 za zawadi zao, au bure kabisa ukikubali kuhifadhi mipangilio ya mashine yako kwao kwa akaunti ya Microsoft. Mashine iwe na toleo la 22H2. Andika winver kama ulivyoandika ile nyingine, utaliona. Huo mpango ni wa kuvuka mto tu, usijenge nyumba juu ya daraja.

Ng'ambo ya mto kuna Linux. Najua mmeanza kukunja uso. Nami nilidhani ni kitu cha watu wenye miwani minene, mimi na cheti changu cha kidato cha nne, lakini hiyo Linux Mint mtu wa Windows anaizoea kwa siku mbili tatu. Ni bure, inapata viraka, inaridhika na RAM ya GB 4, na utamu wake ni kwamba unaiweka kwenye flashi, unaiwasha kutokea hapo, unajaribu sauti, waifai na printa bila kugusa Windows yako. Isipokupendeza unachomoa flashi, mnaachana bila talaka. Barua za Word inazifungua kwa LibreOffice, ingawa ile iliyopambwa sana inaweza kufika imevurugika nguo. Ila Photoshop haiji yenyewe kwenye Linux, wala Office kamili ya Microsoft ya kuweka kwenye mashine. Kwa hiyo wale wa steshenari mnaotengeneza picha za pasipoti kwa Photoshop, huko si kwenu. Mdogo wako naye muulize kabla hujafanya lolote: chuo kinamtaka atumie programu gani? Kama ni kuandika, kusoma na intaneti, Mint inamtosha hadi amalize. Kama anasoma kitu chenye programu ya Windows peke yake, basi hesabu inabadilika.

Maana kununua nyingine nako kuna wakati wake. Kama bawaba zimelegea, kioo kina mistari, betri inakaa dakika kumi na programu ya chuo inataka Windows 11, hapo kuitia hiyo G3 vifaa ni kumshonea suti marehemu. Lakini ukinunua mtumba, angalia unauziwa nini. Mashine ambazo Windows 11 inazikataa zimejaa sokoni, zimefutwa vumbi zinang'aa, na bei inavutia. G5 nyingi ni kizazi cha 8, ila usiamini stika iliyobandikwa, stika inauzwa. Mwambie muuzaji aiwashe, andika msinfo32 wewe mwenyewe, soma kwa macho yako. Akianza kuleta longolongo kwamba chaji haipo, nenda duka la pili.

Mambo haya wala hayakuanza jana. Windows 95 ilipotoka Agosti 1995, sharti kwenye boksi lilikuwa RAM ya megabaiti 4, na waliokuwa nazo 4 walijuta. Mtu alihitaji 8 ndipo aone raha. Leo kwenye boksi wanasema GB 4, ongea na mwenye GB 4 akuambie. Namba ya kwenye boksi ni ya kuingilia mlangoni, kucheza muziki ni nauli nyingine.

Sasa dada, kabla skrubu hata moja haijafunguliwa, nunua au azima diski ya nje, hamishia kazi zote za mdogo wako na picha za familia. Fundi akisema "nitakuhifadhia mimi," mshukuru halafu hifadhi mwenyewe. Na ukae hapohapo kwenye kigoda wakati anafanya kazi, usimwachie mashine ilale kwake. Picha ngapi za watu zimezagaa mjini kwa mtindo huo, tusitajane. Diski ya zamani ikitolewa ni mali yako, idai. Ukiinunulia kiboksi chake cha nje inakuwa hifadhi, usiiache mezani kwa mtu na maisha yako yote yamo ndani.

Ada lipa wiki hii hii. SSD hata mwezi ujao inauzwa.

Yule kaka wa Tandika aliyeuliza kuhusu simu iliyotumbukia kwenye ndoo, ujumbe wako nimeupata, zamu yako ni wiki ijayo. Kwa sasa itoe kwenye huo mchele.