Kisha kuformate, nani anachunga masini?

Ordinatere ya lupango letu, huku Karavia, iliformatiwa mara tatu mu mwaka mumoja. Mara zote tulilipa. Mara zote fundi aliifunga, akapanguza kioo na shati yake, akasema: « Papa, masini iko mupya, mutumike tu. » Na mara zote, kisha miezi mine hivi, ilianza tena kujikokota kama kinga yenye kubeba makala wakati wa kupanda mulima.

Mara ya tatu njo ilituumiza. Binti yetu alikuwa anaandika TFC yake. Sura mbili zilikuwa tayari, zote ku « Bureau » ya masini, hakuna kopi ingine popote. Tulipopeleka masini, hatukumwambia fundi kitu, naye hakuuliza kitu. Jioni ilirudia safi kabisa. Safi sana, mpaka zile sura mbili pia hazikuwamo tena. Mama yake alisema neno moja tu: « Shi mungemuuliza mutoto kwanza? » Tulikosa jibu.

Hatutaki kumutupia fundi kosa lote. Tunafikiri kosa kubwa ni la mazoea yetu. Mu muji huu tunatumia kuformate sawa vile zamani watu walitumia kinini: homa inapanda, unameza, homa inashuka, lakini mbu wangali mu chumba. Masini ikichelewa kidogo, tunasema « formatez ». Hakuna anayeuliza kwa nini imechelewa, na hakuna anayejua kitu gani kinafaa kufanyika kesho yake asubuhi, wakati imerudia nyumbani.

Tuanze na ile wanaita crack, juu ndiyo inaharibu masini ingali ku meza ya fundi. Watu wengi wanaamini kwamba Windows bila crack haiwezekani kwetu, kwa sababu leseni ni bei kali. Lakini angalieni masini zetu zinatoka wapi. Nyingi ni za okazioni, zilifanya kazi mu biro za Ulaya ao zilipitia Dubai mbele ya kufika Lubumbashi. Masini iliyotoka ku kiwanda na Windows 10 ao 11, mara nyingi inabeba ufunguo wa leseni ndani yake, ku karte mere. Ukiirudishia Windows ya namna ile ile iliyokuja nayo, kisha ukaiunganisha na intaneti, inajifungua yenyewe, bila kulipa hata falanga moja. Shida ni kwamba fundi yuko na flashi moja tu yenye Windows Pro, na anaiweka ku kila masini inayopita. Masini iliyokuja na Windows Famille haina ufunguo wa Pro. Basi analeta crack, na ili crack ipite, anazima kwanza antivirusi. Mutu anayekuomba umuondoe sentineli ku mulango ili yeye aingie, unamuaminia nini? Swali moja lingetosha mbele ya kumuachia masini: « Ilikuja na Windows gani? » Sisi hatukuliuliza mara tatu zote.

Kisha kuna mise à jour. Windows inayotoka ku flashi ya fundi tunaiita mupya, lakini ni ya siku ile aliyoitelesharje, pengine miaka miwili nyuma. Mwezi wa tatu 2017, Microsoft ilitoa dawa ya kuziba tundu moja mu Windows. Tarehe 12 mwezi wa tano, virusi WannaCry ikapita mu tundu lile lile, ikafunga masini za mahospitali ya Uingereza na za inchi zingine nyingi. Dawa ilikuwapo tangu miezi miwili. Waliopigwa ni wale ambao hawakuimeza.

Tunasikia tayari jibu la wasomaji: « Na mega? Nani atalipa mega? » Ni jibu la haki. Hakuna mutu anayependa kununua forfait asubuhi na kukuta saa sita kwamba Windows imeikula yote. Lakini dawa yake si kuzima mise à jour milele, kama vile mafundi wanafanya ili kutufurahisha. Mu Paramètres, ku rezo ya Wi-Fi ya telefone yako, kuna mahali wanaandika « Connexion limitée ». Ukiiwasha, Windows inajizuia, haivuti tena mizigo mikubwa mingi. Siku unapata koneksyo ya bei muzuri, ku kazi ao kwa ndugu, unaizima na kuacha masini inywe mpaka ishibe. Na kama mu lupango muko masini mbili tatu ku Wi-Fi moja, kuna mahali pengine, « Optimisation de la distribution », panapoachilia moja ivute na zingine zichukue kwake. Ni kama kuchota maji ku bomba moja na kugawanya nyumbani.

Ila tahadhari moja: musianze mise à jour kubwa na bateri iliyokufa, saa ile munajua umeme unaweza kukatika. Masini ikizimika katikati, inaweza kukatala kuwaka, na mutarudia tena kwa fundi. (Bateri ile, pengine kobalti yake ilitoka hapa Katanga, ikaenda China, ikazeekea Ulaya, na sasa inarudia kwetu haishiki hata dakika kumi. Lakini hayo ni mambo ya siku ingine.)

Kuna jambo ambalo mafundi hawapendi kusema wazi. Tangu tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, Windows 10 ilifika mwisho wake. Anayejiandikisha anaweza kupata dawa mwaka mumoja zaidi, mpaka mwezi wa kumi 2026. Kisha pale, basi. Na Windows 11 inakatala masini nyingi za zamani: inataka chipu ya TPM 2.0, na kwa Intel inaomba kuanzia kizazi cha nane. Masini zetu nyingi za okazioni hazifike pale. Kuna wanaoilazimisha iingie, lakini Microsoft haiahidi kwamba masini kama ile itaendelea kupokea mise à jour. Sisi tunasema afazali Linux. Tuliweka Linux Mint ku laptopu ya zamani yenye RAM ya giga 4, na LibreOffice ndani, na watoto wanaandika, wanasoma, wanaangalia video bila shida. Ni ya bure kwa haki, haiombe crack. Kuna hata ingine inayoitwa Ubuntu, neno ambalo Waluba wa kwetu wanalitamka bumuntu. Mutu mwenye kazi inayoomba programu ya Windows peke yake, yeye abakie na Windows. Hatupigane na mutu.

Juu ya flashi, kila mutu wa Lubumbashi anajua ile virusi inayogeuza mafolda yote kuwa raccourci. Inatoka ku sibere, ku mahali pa kutosha fotokopi, ku shule. Flashi ikifika nyumbani, acheni Defender iipime kwanza. Iko ndani ya Windows, haiuzwe. Na watoto wasitumie konti ya administrateur. Wawe na konti yao ya kawaida, basi michezo wanayotoa huku na huku haitaweza kujiweka chini ya masini bila mukubwa kuandika neno la siri. Vumbi ya kipwa, kila mutu anaijua: musiweke laptopu juu ya kitanda, na mara moja kwa mwaka mutu aifungue, aipulize.

Lakini kama munachukua kitu kimoja tu mu maneno haya yote, chukueni kopi. Mbele ya kupeleka masini, andikeni ku karatasi kila kitu kisichofaa kupotea, na kionekane mahali pengine kwa macho yenu: ku diske ya inje, ku flashi, hata ku telefone. Muulizeni fundi kama anaweza kuirudisha bila kufuta. Mu Windows kuna « Conserver mes fichiers », na wakati mwingine vitu vya zamani vinabakia mu folda Windows.old kwa siku kadhaa mbele ya kufutwa. Na kama bahati mbaya imeisha kufika, zimeni masini mara moja. Ku diske ya zamani ya kuzunguka, kuformate kwa haraka hakufute kila kitu. Kinachokimaliza ni vitu vipya unavyoandika juu yake. Sisi siku ile ile tuliweka filme nane.

Sasa masini iko na kaye ndogo iliyofungwa na kamba ku mufuko wake. Mule tumeandika tarehe ya kuformate, namna ya Windows, na kila siku ya posho yule aliyefanya kopi anatia jina lake. Binti yetu aliandika tena sura zake zote mbili. Ya pili, anasema, ilitoka muzuri kupita ile ya kwanza. Sura ya kwanza angali anaililia.