Nyati Amekufuru Nini?

Ndugu msomaji, ukifika Mikumi au Serengeti utamwona nyati akila majani yake. Mnyama huyu hajakanusha kitabu wala hajamkadhibisha mtume. Lakini fungua kitabu cha elimu ya wanyama, utakuta jina lake rasmi ni Syncerus caffer. Hilo caffer si neno geni kwako. Ni kafiri.

Limefikaje huko? Mabaharia wa Kiarabu waliwaita hivyo watu wa pwani za kusini wasiokuwa Waislamu. Wareno wakalidaka, kisha Waholanzi na Waingereza wa Afrika Kusini wakalivua maana ya dini na kulivika maana ya rangi. Likawa tusi la kumtupia kila mtu mweusi, hata yule anayetoka msikitini. Mwaka 2018 mahakama ya nchi hiyo ilimfunga mwanamke mmoja kwa kuwatukania polisi weusi neno hilo hilo.

Aliyempa nyati jina hilo, mwaka 1779, ni Sparrman. Mwenzake Thunberg alilibandika juu ya mti wa maua mekundu, Erythrina caffra. Wote wawili walikuwa wanafunzi wa Linnaeus wa Sweden, aliyeeneza kanuni ya kukipa kila kiumbe jina la maneno mawili ya Kilatini. Kanuni yenyewe sina ugomvi nayo. Huyu anasema nyati, yule anasema mbogo, na jina moja la wote laondoa utata. Lakini Linnaeus huyo huyo, katika kitabu chake cha 1758, alipofika kwa mwanadamu aliandika kuwa Mzungu hutawaliwa na sheria, na Mwafrika ni mvivu na mzembe, hutawaliwa na matakwa ya nafsi yake. Je, hiyo ni elimu? Ni masengenyo yaliyovishwa joho la Kilatini!

Watetezi husema: jina ni alama tu, na kuligusa kutavuruga vitabu. Hoja hii haisimami. Mwaka 2005, huko Vienna, wataalamu wa mimea waliamua kuwa jina Acacia wapewe miti ya Australia, kwa kuwa huko iko karibu aina 1000 na haifai kuisumbua. Migunga ya Afrika, ambayo jina hilo liliihusu tangu zama za Wayunani, ikaambiwa ijiite Vachellia na Senegalia. Vitabu havikuvurugika siku ile? Kumbe usumbufu huvumilika, madhali anayesumbuliwa ni Mwafrika.

Alhamdulillahi, Julai 2024 huko Madrid, kwa hoja iliyoletwa na wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Nelson Mandela, wataalamu wa mimea walipiga kura 351 dhidi ya 205: kila caffra iwe affra, yaani ya Afrika. Mimea, kuvu na mwani zaidi ya 200 ilisafishwa kwa kudondosha herufi moja tu. Ama wanyama, tume ya kimataifa ya majina yao ilitangaza mwaka 2023 kuwa haitabadili majina kwa sababu za maadili. Ndiyo maana mti umeachwa huru na nyati bado amefungwa. Na mdudu kipofu wa mapango ya Slovenia, aliyepewa jina la Hitler mwaka 1937, analibeba hadi leo.

Wala sisi tusijitoe. Neno hili lilitoka vinywani mwa Waislamu kabla ya kufika kwa Mreno. Suratul Hujurat inatukataza kuitana kwa lakabu mbaya, na bado barazani utamsikia mtu akimwita jirani yake kafiri kwa kuwa tu ametoka bara, bila hata kujua anaswali wapi. Huyo ana lipi la kumwambia Sparrman?

Nawe mwalimu unayesomesha elimu ya viumbe, mtoto akikuuliza caffer maana yake nini, usimjibu kuwa ni Kilatini tu. Mweleze lilikotoka, na nani alilipitisha wapi.