Basi kuukuu la kulala: tununue injini, tusinunue umbo

Tangu mabasi ya Kichina ya Yutong, Zhongtong na Higer yalipoingia kwa wingi katika safari za mikoani, mabasi mengi ya zamani yamebaki uani yakisubiri mnunuzi wa chuma chakavu. Ndipo linapozuka wazo la kununua moja, kung'oa viti, kuweka vitanda, jiko na tangi la maji, kisha kulikodisha kwa watalii wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Wazo si baya. Huko Australia Toyota Coaster na Mitsubishi Rosa zilizotumika hugeuzwa hivyo kila mwaka. Lakini mfanyabiashara wa Sitalike anayetaka kuweka humo fedha zake za mpunga ajue kwanza kwamba umbo zuri la basi halilipi deni.

Tuanze na soko lenyewe. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1974 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Wageni wake wengi huja kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, viboko wanapobanana katika vidimbwi vya Mto Katuma. Masika udongo mweusi wa mbuga hunasa hata gari lenye nguvu, na basi la kulala huko litalala kweli. Kwa hiyo msimu ni siku 153. Basi likipata mgeni usiku mmoja katika kila siku tatu, ni siku 51 za kukodisha kwa mwaka.

Tupige hesabu. Tuseme Coaster pamoja na matengenezo vimefika Sh. milioni 40, na mwenye mali anataka mtaji wake urudi kwa miaka mitano. Anahitaji Sh. milioni 8 kwa mwaka, yaani karibu Sh. 157,000 kwa kila siku iliyokodishwa, kabla ya mafuta, dereva na bima. Basi kubwa likimla Sh. milioni 70, kiwango hicho kinapanda hadi karibu Sh. 275,000. Mgeni hataongeza Sh. 118,000 kwa sababu tu basi lina urefu wa kupendeza.

Kuna wanaotetea basi kubwa kwa nafasi yake. Ni kweli, familia nzima italala humo bila kugongana. Hata hivyo, ada ya kuingiza gari katika hifadhi za TANAPA hupangwa kwa uzito wa gari, na kila kilo ya ziada inakula matairi na springi. Wapo pia wanaopenda Leyland au Ikarus za enzi za KAMATA na UDA. Hayo yana historia, lakini spea zake zitatafutwa kwa barua na maombi, na mgeni aliyelipia siku tatu hasubiri barua.

Kwa maoni ya safu hii, swali la kwanza la mnunuzi liwe hili: likiharibika njiani, fundi wa Mpanda, kama kilomita 35 kutoka hapa, ataijua injini yake? Coaster yenye injini ya 1HZ ina moyo ule ule wa Land Cruiser zinazotumiwa na serikali, misheni na makampuni ya utalii. Nissan Civilian yenye TD42 inashiriki injini na Nissan Patrol. Rosa nyingi zina injini za jamaa ya Fuso Canter, magari yaliyojaa kila soko la nafaka. Humo ndimo faida ya mtaji mdogo ilimo: spea zipo, na bei yake inajulikana.

Baada ya injini, kagua chuma. Usidanganywe na rangi mpya. Funua zulia, ingia chini ya gari na nyundo ndogo, gonga chasisi, matao ya magurudumu na fremu za madirisha. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Gari lililotoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, litazamwe mara mbili. Injini iwashwe ikiwa baridi mbele yako. Dalali akiiwasha kabla hujafika, ana sababu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na oili ikiungua, mtaji nao unaungua.

Katika kulipanga ndani, kumbuka kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 200 likiwekwa nyuma kabisa litalemea springi za nyuma. Liwekwe chini, karibu na katikati. Rangi ya nje iwe nyeupe au ya mchanga. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo.

Aidha, karatasi zisipuuzwe. Basi lililong'olewa viti si basi la abiria tena. TRA wajulishwe mabadiliko ili kadi ilingane na gari, na kampuni ya bima ielezwe matumizi mapya kwa maandishi. Bima ya basi la abiria inaweza kukataliwa siku ya ajali, na siku hiyo ndiyo pekee utakayoihitaji.

Ushauri wetu kwa mwekezaji mdogo ni huu. Wawili au watatu waungane, wanunue Coaster, Civilian au Rosa moja yenye chasisi nzima, waiendeshe msimu mmoja, waandike kila shilingi inayoingia na kutoka. Siku za kukodisha zikipita 51, watafute ya pili. Zisipofika, gari dogo bado litauzika Mpanda. Basi kubwa litabaki juu ya mawe, na kuku ndio watakaolala humo bila kulipa.