Kijiji kipewe msitu kwanza, somo lifuate

Kila tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, viongozi hushika majembe, miche huingia ardhini na wananchi huambiwa waache kukata miti ovyo. Maneno hayohayo hurudiwa tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Nyuma yake kuna dhana ambayo ni nadra kusemwa waziwazi, kwamba mwanakijiji anaharibu msitu kwa kuwa hajui thamani yake, na akishaelimishwa ataacha. Takwimu rasmi zinaonyesha kuwa kati ya 2002 na 2013 Tanzania Bara ilipoteza wastani wa hekta 469,000 za misitu kila mwaka, na miaka hiyo yote elimu kwa umma ilikuwa ikitolewa. Naamini dhana hiyo ina kasoro tangu mzizi wake. Mtu aliyekulia kando ya miombo anajua mti upi ni dawa, upi hubeba mzinga wa nyuki, upi hutoa boriti isiyoliwa na mchwa. Mara nyingi anachokosa ni mamlaka: haki ya kumzuia mwenye msumeno anayefika na kibali kilichoandikwa mbali, na uhakika kwamba mti alioubakiza leo hautaangushwa na mwingine kesho. Mamlaka hiyo ikiwepo, elimu hupata pa kushika. Isipokuwepo, hata somo zuri linaishia kwenye daftari.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Babati, kwenye msitu wa miombo wa Duru-Haitemba wenye takriban hekta 9,000. Kuelekea miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya msitu huo hifadhi ya serikali kuu. Wanavijiji walipinga, na wengine wakaharakisha kukata miti na kufyeka mashamba kabla mlango haujafungwa. Kwa macho ya mtoa hotuba, hao walikuwa watu wasiojua umuhimu wa mazingira. Lakini hesabu yao ilikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa kitu kilicho karibu kuchukuliwa hutumiwa kabla hakijaondoka. Mpango ule ukaachwa, na kufikia 1994 vijiji vinavyouzunguka msitu vilikuwa vimekabidhiwa kuusimamia, kila kimoja na sehemu yake. Viliteua walinzi kutoka miongoni mwao, vikatunga sheria ndogo, vikaweka faini, vikapiga marufuku uchomaji mkaa na ufunguaji wa mashamba mapya ndani ya msitu. Serikali haikuongeza hata mlinzi mmoja wa kumlipa mshahara. Watu walikuwa walewale, na umaskini wao na elimu yao vilikuwa vilevile. Ndani ya muda mfupi kilikuwa kimebadilika kitu kimoja tu, nacho ni jibu la swali la msitu ni wa nani. Uzoefu wa Babati uliingia katika Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998 na baadaye katika Sheria ya Misitu ya 2002. Ni jambo la kujivunia kwamba sheria ya nchi ilichukua mfano wake kutoka vijijini.

Shinyanga inaonyesha jambo hilo kwa upana zaidi, na kwa uchungu zaidi. Wakati wa ukoloni maeneo makubwa yalifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Pamba ikafuata, mifugo ikaongezeka, na miaka ya 1970 uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa ukawatenga wengi na maeneo waliyokuwa wakiyatunza tangu enzi za mababu. Katika maeneo hayo kulikuwa na ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza ili majani yasimame hadi kiangazi, kisha kukifungua kwa mifugo wakati kwingine kumekauka. Ngitili nyingine ni za familia na nyingine za jamii nzima. Mwenyewe akihamishwa, ngitili hubaki bila mwangalizi, na isiyo na mwangalizi haichukui muda kugeuka uwanja. Ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, ngitili zilizokuwa kwenye kumbukumbu hazikuzidi takriban hekta 600, na mkoa ulikuwa ukitajwa kama jangwa linalokuja.

HASHI ilianzisha vitalu na kugawa miche, kama miradi mingi. Mafanikio yake makubwa hata hivyo yalitoka kwenye uamuzi mwingine, wa kuitambua ngitili yenyewe na kuviachia vyombo vya wenyeji viilinde. Dagashida, baraza la kimila, lilikubaliana juu ya mipaka na adhabu, na sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, wakasimamia utekelezaji. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, kabla Simiyu haijazaliwa, ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa bado hai ardhini, mara tu ilipopumzishwa. Tathmini iliyofanywa na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, ilikadiria kuwa kuni, malisho, dawa, asali, matunda na miti ya kujengea kutoka kwenye ngitili vilimpa mtu mmoja faida ya takriban dola 14 kwa mwezi, zaidi ya matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini wakati huo. Faida hiyo haikugawanyika sawa, na hilo lisifichwe. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi alinufaika kuliko asiye na kitu, na mjane asiye na ngitili alibaki akitegemea ile ya jamii. Ndiyo maana ngitili za jamii zinastahili ulinzi wa kisheria ulio imara kuliko zilionao sasa, kwa sababu ndizo za kwanza kumegwa ardhi inapokuwa haba.

Sheria, kwa kweli, tunayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakiwezesha kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuuandalia mpango wa usimamizi, kuuvuna na kubaki na mapato. Si eneo dogo hilo, maana tathmini ya taifa ya misitu ilionyesha kuwa karibu nusu ya misitu ya Tanzania Bara imo kwenye ardhi ya vijiji. Wilayani Kilwa, vijiji vilivyoshirikiana na shirika la kuhifadhi mpingo lenye makao yake huko vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Mpingo ndio mti wa zumari, klarineti na vinyago vya Kimakonde, na thamani yake ni kubwa. Kabla ya hapo gogo lilipita kijijini na kuwaachia wenyeji karibu na patupu. Kijiji kilipokuwa muuzaji, watu walikuwa na sababu ya kujifunza kupima kipenyo cha mti usawa wa kifua, kukadiria ujazo wa gogo, kusoma ramani na kuandika stakabadhi. Hakuna semina iliyowalazimisha. Walikuwa na mali ya kuhesabu.

Kilosa, mkoani Morogoro, ilikwenda mbali zaidi, kwa sababu iligusa bidhaa inayolaumiwa kuliko zote, mkaa. Baadhi ya vijiji vilitenga sehemu ya msitu kwa ajili ya mkaa na kuigawa katika vitalu vidogo vinavyovunwa kwa zamu. Kitalu kilichovunwa hupumzishwa kwa zaidi ya miaka 20 ili machipukizi yakue, na mti hukatwa kwa kuacha kisiki chenye urefu wa kutosha kuchipua. Ushuru uliobaki kijijini ulijenga madarasa na kugharamia huduma za afya. Wapo wanaoona haya kuuita mkaa sehemu ya uhifadhi. Mimi naona kinyume chake. Mchoma mkaa aliyeandikishwa, anayejulikana kwa jina na kwa kitalu chake, ana la kupoteza pindi tanuri haramu linapowashwa upande wa pili wa kilima, naye ndiye wa kwanza kutoa taarifa.

Pwani nako hali ni hiyohiyo. Katika ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale nchini Kenya, wanavijiji wa Gazi na Makongeni wamekuwa tangu 2013 wakiuza hewa ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na mapato yamekwenda kwenye maji na shule. Pemba, Mafia na Songosongo kuna jamii zilizofunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa na kuifungua kwa pamoja. Pweza hukua haraka mno, hivyo mavuno ya siku ya kufungua humweleza mvuvi mengi kuliko bango lolote. Lakini mwamba hufungika tu pale wavuvi wa hapo wanapokuwa na nguvu ya kumzuia asiyekubaliana nao. Bila nguvu hiyo, anayeheshimu kufungwa anamwekea akiba mwizi.

Hoja ya kwanza dhidi ya msimamo huu ni ya ufisadi. Watu husema, ukimpa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji mamlaka juu ya msitu, umewapa mradi wao binafsi. Hofu hiyo ina msingi. Kuna vijiji ambako fedha za magogo hazijulikani zilikokwenda, na kamati za maliasili ambazo wajumbe wake ni jamaa wa viongozi. Lakini wizi wa kijijini una sifa moja ambayo wizi wa ofisi ya mbali hauna, nayo ni kwamba wanaoibiwa wanaishi jirani na mwizi na sheria imewapa jukwaa la kumuuliza. Mkutano Mkuu wa Kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Pale unapokaa kweli, na taarifa ikabandikwa ukutani, maswali huulizwa. Pale usipokaa, hicho ndicho cha kurekebisha. Kuurudisha msitu mikononi mwa wilaya kwa sababu mwenyekiti mmoja ameiba ni kuwaadhibu walioibiwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na sitaki kuipunguza uzito. Kijiji kimoja kikifunga msitu wake, msumeno huhamia kijiji cha jirani. Ni kweli, na hakuna sheria ndogo ya kijiji inayoweza kuishusha bei ya gunia la mkaa Dar es Salaam. Mji ule unapikia mkaa uliotoka mikoa mingi, na mahitaji yake hayatapungua kwa doria za Kilosa. Ndiyo sababu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034, una uzito kwa misitu kuliko watu wanavyodhani. Hata hivyo, uhamaji wa msumeno hauthibitishi kwamba umiliki wa jamii umeshindwa. Unaonyesha kuwa umiliki huo bado ni mchache. Msumeno huhamia kwenye msitu usio na mwenyewe, na huko ni kwingi, kwa sababu kukamilisha mpango wa matumizi ya ardhi, upimaji wa mipaka, mpango wa usimamizi na idhini ya sheria ndogo huchukua miaka na fedha ambazo vijiji vingi havina.

Elimu ya mazingira, basi, ninaitaka iongezeke, lakini ibadilike. Watu wazima wafundishwe vifungu vya sheria vinavyowahusu, jinsi ya kusoma kibali na kukitambua cha bandia, jinsi ya kukagua kitabu cha mapato. Maafisa misitu wa wilaya wafundishwe kwamba kazi yao katika msitu wa kijiji ni ushauri. Shuleni, darasa linaweza kupewa eneo la msitu wa kijiji kulifuatilia mwaka hadi mwaka: machipukizi mangapi yamevuka kiangazi, visiki vipya vingapi vimeonekana, kisima kimekauka mwezi gani. Takwimu hizo zisomwe na wanafunzi wenyewe mbele ya kamati ya maliasili. Mtoto wa darasa la sita akishaona mtu mzima akiandika alichokihesabu, ataelewa kwamba hesabu yake ina kazi.

Jambo moja haliwezi kusubiri mitaala. Tangu kanuni za biashara ya kaboni, yaani hewa ukaa, zitolewe nchini 2022, wanunuzi wamekuwa wakifika vijijini na mikataba ya miongo kadhaa. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vimeonyesha kuwa fedha hizo zinaweza kujenga zahanati na shule. Vingine vitasaini bila kuelewa vimeachia nini, na wajukuu wataurithi mkataba. Wizara inayohusika na Ofisi ya Rais TAMISEMI ziagize sasa kwamba hakuna mkataba wa kaboni utakaotiwa saini kabla haujasomwa wote, kwa Kiswahili, mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji: idadi ya miaka, mgawo wa kila upande, shughuli zitakazokatazwa ndani ya msitu, na namna kijiji kinavyoweza kujitoa. Usomwe na mwanasheria asiyelipwa na mnunuzi, na kijiji kipewe siku za kutosha kuujadili kabla ya kupiga kura.