Kocha Anatimuliwa, Aliyemwajiri Anabaki

Jumatatu inayofuata mechi za mwisho za msimu wa kawaida wa NFL, ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani, ina jina lake: Jumatatu Nyeusi. Ndiyo siku ambayo vibarua vinaota nyasi. Asubuhi klabu moja inatoa taarifa fupi ya kumshukuru kocha mkuu, kabla ya saa sita nyingine imefuata, na jioni meneja mkuu aliyesajili wachezaji naye kafungasha virago. Ligi ina timu 32, na ni nadra mwaka kupita bila timu tano au zaidi kubadilisha kocha. Mashabiki hushangilia, kwa sababu hatimaye kuna mtu amewajibishwa. Mimi naona timuatimua hii mara nyingi inatuliza homa tu, malaria yenyewe imebaki mwilini. Mmiliki ndiye aliyemchagua kocha, ndiye aliyemchagua meneja, na mara nyingi aliwachagua kwa nyakati tofauti, watu wawili wasio na mpango mmoja. Yeye hana wa kumtimua.

Aliyezoea soka anaweza kudhani kocha mpya ni suala la kupanga kikosi upya na kuwapa wachezaji ari. Katika mchezo huu kocha anakuja na lugha yake. Kitabu chake kina mamia ya mipango ya uchezaji, na kila mmoja una jina refu la maneno ya siri. Kati ya tukio moja na jingine saa huhesabu sekunde 40. Kocha hutaja mpango kupitia redio iliyomo ndani ya kofia ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, na redio hiyo hukatika zikibaki sekunde 15. Katika muda huo kijana huyo anatakiwa awe amesikia, ameelewa, amewarudia wenzake kumi neno kwa neno, kisha asome ulinzi uliosimama mbele yake. Mbadilishie kocha, na jambo lile lile alilolizoea linaitwa jina jingine. Alex Smith alichaguliwa wa kwanza kati ya vijana wote wa vyuo mwaka 2005 na klabu ya San Francisco, nayo klabu ikawa inabadilisha kocha wa mashambulizi karibu kila mwaka. Wengi walishamwandika kuwa hafai. Mwaka 2011 akaja kocha mkuu Jim Harbaugh, timu ikashinda mechi 13 kati ya 16 na kubakiza mechi moja tu kufika fainali ya Super Bowl. Ndiyo, Harbaugh alisaidia, sikatai. Ila miaka sita ya kijana yule ilikuwa imeshaliwa na watu ambao leo hakuna anayewauliza.

Mfano mchungu zaidi ni Cleveland. Familia ya Haslam iliinunua klabu hiyo mwaka 2012, ikamwondoa kocha iliyemkuta, ikaajiri mwingine kwa msimu mmoja wa 2013, ikaajiri wa tatu kwa misimu miwili, kisha ikamleta Hue Jackson. Mwaka 2017 timu ilipoteza mechi zote 16. Kabla msimu haujaisha meneja akatimuliwa na kocha akabakizwa, kwa hiyo meneja mpya, John Dorsey, akarithi kocha asiyemchagua. Dorsey akamchagua kwotabeki Baker Mayfield wa kwanza mwaka 2018. Oktoba ya mwaka huo huo Jackson akaondolewa, msaidizi akamalizia msimu, mwingine akapewa mwaka 2019 peke yake, na Dorsey naye akaenda zake. Mwaka 2020 walikuja kocha na meneja wapya kwa pamoja, Kevin Stefanski na Andrew Berry, na timu ikashinda mechi 11 na kuingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2002. Ungedhani somo limeeleweka. Mwaka 2022 klabu ilitoa nafasi tatu za kuchagua vijana wa vyuo katika raundi ya kwanza, pamoja na mkataba wa dola milioni 230 zilizohakikishwa zote, ili kumpata kwotabeki Deshaun Watson. Mayfield akapelekwa Carolina, ambako mmiliki mwingine asiye na subira, David Tepper, alimtimua kocha Matt Rhule mwezi Oktoba, akiwa kwenye msimu wa tatu wa mkataba wa miaka saba. Mwaka uliofuata kocha mpya, Frank Reich, alidumu Carolina kwa mechi 11. Mayfield yeye alikuwa ameshatua Tampa Bay, akaongoza timu kutwaa ubingwa wa kundi lake na kushinda mechi ya mtoano. Mchezaji ni yule yule aliyeonekana mzigo katika nyumba mbili zilizokuwa zikibomolewa huku yeye yumo ndani.

Wapo watakaosema mabadiliko yanafanya kazi, na ushahidi wanao. Washington ilishinda mechi 4 mwaka 2023, akaja kocha Dan Quinn, ikashinda 12. New England ilimpa Jerod Mayo msimu mmoja tu, ushindi 4 kati ya 17, ikamleta Mike Vrabel na mwaka 2025 ikashinda 14. Haya si mambo ya kupuuza, lakini tuyatazame kwa karibu. Washington mtu wa kwanza kubadilika alikuwa mmiliki: Dan Snyder, aliyemaliza makocha kwa zaidi ya miongo miwili, aliuza klabu mwaka 2023 kwa dola bilioni 6.05. Ndipo kocha na meneja wakaajiriwa katika msimu ule ule, wakiwa na kazi moja. Halafu ligi hii humpa aliyeshika mkia nafasi ya mbele ya kuchagua vijana, hivyo timu mbovu huelekea kupanda hata kama kocha ni yule yule. Watafiti watatu, Adler, Berry na Doherty, waliyapima haya mwaka 2013 katika kandanda ya vyuo, si ya kulipwa, lakini mchezo ni huo. Waliona kwamba timu mbovu sana zilizotimua kocha hazikutofautiana sana na timu mbovu kama hizo zilizobaki na makocha wao, na timu za wastani zilizotimua zilielekea kufanya vibaya zaidi. Na huyo Vrabel alitoka wapi? Tennessee walimfukuza Januari 2024. Msimu uliofuata wakashinda mechi 3, wakamtimua meneja, kisha wakamtimua na kocha aliyemrithi Vrabel baada ya mechi sita za mwaka wa pili.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la upande wa pili: subira nayo inaweza kuwa uzembe. Hue Jackson alishinda mechi 1 kati ya 32 katika misimu yake miwili ya kwanza na bado akarudishwa kazini. Hapo sina utetezi. Kumbakiza kocha kwa sababu mmiliki amechoka kusaka mwingine si mpango. Lakini tazama Detroit. Dan Campbell na meneja Brad Holmes waliajiriwa pamoja mwaka 2021, wakaanza na ushindi 3, sare 1 na vipigo 13. Mwaka wa pili, timu ikiwa imeshinda mechi 1 kati ya 6, mmiliki Sheila Ford Hamp alitoka mazoezini akasimama mbele ya waandishi wa habari na kusema anawaamini. Mechi iliyofuata wakafungwa tena. Kisha wakashinda 8 kati ya 10 zilizobaki, 12 mwaka 2023, 15 mwaka 2024. Super Bowl hawajaiona bado, wala mimi sisemi subira ina hirizi ndani yake. Ninachosema ni kwamba yule mama alijua anasubiri nini: vijana waliochaguliwa na meneja yule kwa ajili ya kocha yule. Pittsburgh walimvumilia Chuck Noll mwaka 1969 aliposhinda mechi 1 na kupoteza 13, naye akawaletea mataji manne. Kuanzia mwaka huo hadi msimu wa 2025 klabu hiyo ilikuwa na makocha wakuu watatu tu.

Na kinachonishangaza ni kwamba hakuna linalowakimbiza wamiliki hawa. Katika soka kushuka daraja ni kifo cha kiuchumi, na ninaelewa mwenyekiti anapohaha. NFL hakuna kushuka daraja. Fedha za televisheni za taifa zinagawanywa sawa kwa sawa, na mshahara wa kocha hauhesabiwi katika ukomo wa mishahara ya wachezaji, kwa hiyo tajiri anaweza kumlipa kocha aliyemfukuza na aliyemleta kwa pamoja. Amewekewa mazingira yote ya kutulia, naye anatimua, kwa kuwa ni kitendo pekee anachoweza kukifanya kwa siku moja kikaonekana. Uharaka wenyewe nao hauwaangukii wote sawa: Houston iliwapa David Culley na Lovie Smith, wote weusi, msimu mmoja mmoja, 2021 na 2022, kuongoza kikosi ambacho hakuna kocha angekishindisha.

Philadelphia ndiyo inayovunja hoja nyepesi kwamba kocha asiguswe kamwe. Baada ya Doug Pederson kuwaletea taji lao la kwanza la Super Bowl, Februari 2018, nje ya uwanja ilisimamishwa sanamu yake akishauriana na kwotabeki Nick Foles kabla ya tukio la uchezaji lililowafanya mashujaa. Januari 2021, miaka mitatu haijatimia, akatimuliwa. Jeffrey Lurie, mmiliki tangu 1994, alibaki. Meneja Howie Roseman, ambaye Lurie aliwahi kumweka pembeni mwaka 2015 kwa ajili ya kocha mwingine kisha akamrudisha, naye alibaki. Kocha waliyemleta, Nick Sirianni, akatwaa ubingwa Februari 2025.